Haidromita inasema 1.008 leo na 1.012 kesho: bia imekwama, au kipimo kimeharibika?

"Shikamoo mwalimu. Niko Dar, Tabata. Dada yangu anayeishi Uingereza aliniletea vifaa vya kutengeneza bia nyumbani: ndoo yenye bomba kwa chini, haidromita ya kioo, kopo la rojo la kimea la kilo 1.7, pakiti ya unga wa kimea ya kilo 1, na hamira yake. Nikayeyusha kimea kwa maji ya moto, nikaongeza maji baridi mpaka lita 23. Nikachota juu nikapima: 1.024. Nikashtuka, nikafungua bomba la chini nikapima tena: 1.052! Maelekezo yanasema nitarajie karibu 1.039. Nikaweka hamira hivyo hivyo. Siku ya 9 alasiri, kibandiko cha joto kwenye ndoo kikionyesha nyuzi 31, nilipata 1.008. Usiku nikachota nyingine nikaiweka friji, alfajiri kabla ya kwenda kazini nikaitoa na kuipima: 1.012. Yaani sukari imeongezeka? Shemeji yangu anayelima zabibu Dodoma akaniazima kifaa chake cha kupimia utamu wa zabibu, kikasoma 5.5. Jedwali likasema hiyo ni 1.022, kwa hiyo bia imekwama. Jirani anayepokea maziwa kituoni naye anasema nitumie kipimo chake cha maziwa, ni kitu kilekile na hakijawahi kumdanganya. Nishike lipi? Naogopa kutia kwenye chupa halafu zipasuke. Na hivi vipimo vinaweza kuniambia kama kuna sumu? Tunasikia watu wanakufa kwa pombe."

Marahaba. Nikuondoe hofu kwanza: kwa namba ulizoniandikia, bia yako haijakwama, yaani hamira haikuacha kazi njiani, na sioni dalili kwamba haidromita yako ni mbovu. Tena utashangaa: zile 1.008, 1.012 na 5.5 zilizokunyima usingizi zinasema jambo moja. Zikirekebishwa zote zinaangukia karibu na 1.011. Hata hivyo usikimbilie kutia kwenye chupa leo. Bado kuna vipimo viwili vya kufanya, na safari hii uvifanye kwa utaratibu.

Watu wengi wanadhani haidromita inapima sukari au kilevi. Haipimi sukari wala kilevi. Inapima uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule, basi. Ni ile kanuni ya Archimedes ya sekondari: kitu kinachoelea huzama mpaka kisukume kando kimiminika chenye uzito sawa na wake. Uzito wa haidromita haubadiliki. Ikiwekwa kwenye kitu kizito inasukuma kidogo tu na shingo inabaki imesimama juu. Kwenye kitu chepesi inazama zaidi. Ndiyo maana ukiitazama vizuri utaona 1.000 iko karibu na ncha ya juu ya shingo, na namba kubwa ziko chini, kuelekea tumboni. Ukisoma 1.039, maana yake lita moja ya maji yako ya kimea inaizidi lita ya maji matupu kwa takriban gramu 39. Hizo ndizo tunaziita pointi 39.

Sukari ya kimea inaingia kwenye hadithi kwa sababu ndiyo iliyoongeza uzito. Hamira ikiila, inaacha alkoholi, ambayo ni nyepesi kuliko maji, na gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoroka. Namba inashuka kwa sababu mbili kwa wakati mmoja: kizito kimepungua na chepesi kimeongezeka. Sasa shika hili. Kitu kingine chochote kinachobadilisha uzito wa kimiminika, au kinachoinua kioo, nacho kitaisogeza namba, na haidromita haina namna ya kukuambia ni kipi kilichoisogeza. Ni kazi yako kuviondoa kimoja kimoja kabla hujaamini unachosoma.

Kwa sisi tunaoishi pwani, mkubwa wao ni joto. Haidromita imechorwa isome sawasawa katika joto moja tu. Tazama karatasi iliyo ndani ya shingo: nyingi zimeandikwa 20°C, na nyingine, hasa za zamani na za Marekani, 60°F, ambayo ni kama nyuzi 15.6. Waliochora walikuwa wanafikiria chumba cha Ulaya. Chumba cha Tabata saa tisa alasiri ni kitu kingine kabisa. Kimiminika kikipata joto kinatanuka, kinakuwa chepesi kwa ujazo uleule, haidromita inazama zaidi na namba inashuka hata kama hakuna chembe ya sukari iliyoliwa. Kikipoa, kinyume chake.

Kwa haidromita ya nyuzi 20, makadirio ya kukaa nayo kichwani ni haya: sampuli ikiwa nyuzi 25, ongeza pointi 1, nyuzi 30, ongeza pointi mbili na nusu, nyuzi 35, karibu 4, nyuzi 40, kati ya 5 na 6. Upande wa baridi mabadiliko ni madogo: sampuli ya nyuzi 10 au chini kidogo, toa pointi 1 na ushei. Kama yako imeandikwa 60°F, kwa nyuzi 30 ongeza karibu 3.

Turudi kwenye namba zako. Alasiri ulisoma 1.008 kwenye nyuzi 31. Ongeza pointi mbili na nusu na kidogo: karibu 1.011. Alfajiri ulisoma 1.012 kwenye sampuli iliyolala friji, ambayo ikitoka tu huwa na nyuzi 6 hadi 8. Toa pointi moja na robo hivi: karibu 1.011 tena. Hakuna sukari iliyorudi. Sukari haina njia ya kurudi kwenye ndoo iliyofunikwa. Ulipima bia ileile katika hali mbili za hewa.

Na kwa kuwa wengi hupima mapema wakati maji ya kimea bado yanatoa mvuke, niseme wazi: kwenye nyuzi 60 upungufu ni karibu pointi 15, na hesabu za kurekebisha huanza kuyumba. Juu ya nyuzi 40 usihangaike na hesabu, poza sampuli. Sampuli ya moto isiyofunikwa inapoteza maji kwa mvuke na kuwa nzito kuliko ndoo ilikotoka. Pia joto kali linaweza kulegeza gundi inayoshika karatasi ndani ya shingo, karatasi ikateleza, na kuanzia siku hiyo kila unachosoma ni uongo. Kupoza ni rahisi: jaza silinda ya kupimia, ifunike, isimamishe kwenye beseni la maji yenye barafu, chovya kipimajoto mara kwa mara, itoe ikifika 20. Maji ya bomba peke yake hayatoshi kwa Dar kwa sababu yenyewe mara nyingi yana nyuzi 27 au 28.

Sasa 1.024 juu na 1.052 chini. Hapa haidromita ilisema kweli mara zote mbili. Ulimimina maji baridi juu ya rojo zito lililoyeyushwa, na vitu hivyo viwili havichanganyiki kwa kutazamana. Ni kama kikombe cha chai kilichotiwa sukari kikanywewa bila kukorogwa: funda la kwanza halina ladha, la mwisho linakata ulimi. Ulichota funda la kwanza, kisha ukafungua bomba ukapata la mwisho. Hamira haikudhurika. Ikianza kazi, mapovu yake yenyewe huivuruga ndoo yote ndani ya siku moja mbili.

Kwenye bia ya kopo kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayasemi kwa sauti ya kutosha: kipimo cha mwanzo unaweza kukipata kwa hesabu, na hesabu ni ya kuaminika kuliko sampuli uliyochota kwa haraka. Unga wa kimea wa kilo 1 hutoa takriban pointi 375 za kugawanya kwa lita. Rojo lina maji ndani yake, karibu asilimia 20, kwa hiyo kilo yake hutoa takriban 305. Kopo lako la kilo 1.7 ni kama 518. Jumlisha 375 unapata 893. Gawanya kwa lita 23 unapata karibu 39. Ndiyo ile 1.039 ya maelekezo. Kimea chote kiliingia ndani ya ndoo, hakikwenda popote. Kitu pekee kinachoweza kuibadilisha ni ujazo: ukipitiliza mpaka lita 25, unashuka hadi 1.036. Kwa hiyo nguvu zako uzitumie kuhakikisha alama za lita kwenye ndoo ni za kweli. Jaza kwa chupa ya maji unayoijua ujazo wake, uhesabu, uweke alama zako kwa kalamu isiyofutika.

Siku utakapoanza kutumia kimea cha nafaka chenyewe, ukakiloweka na kukikamua, mambo yatageuka. Huko huwezi kujua ni sukari kiasi gani imetoka kwenye punje mpaka upime, na kipimo cha mwanzo kitakuwa na thamani kubwa. Kwa sasa andika 1.039 kwenye daftari, na safari ijayo koroga kwa mwiko msafi kwa dakika kadhaa, mpaka mkono uchoke, kabla ya kuchota. Kukoroga kwa nguvu kabla ya kutia hamira hakuna ubaya. Hamira inapenda hewa mwanzoni.

Kifaa cha shemeji yako wa Dodoma ni kizuri, ila kimeulizwa swali lisilo lake. Chenyewe hakipimi uzito. Kinaangalia jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye tone la maji. Sukari inapindisha mwanga, na kwenye zabibu ambayo haijachachuka hilo linatosha: anakamua tone, anasoma, anaamua kama avune au asubiri. Tatizo ni kwamba alkoholi nayo inapindisha mwanga kuliko maji. Kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, kifaa kinajumlisha mpindo wa alkoholi na kukuhesabia kama sukari. Jedwali ulilolitumia ni la maji matamu yasiyo na kilevi, ndiyo maana likakutisha na 1.022.

Unaweza kukirekebisha kama unajua usomaji wa mwanzo. Kwa 1.039 kingesoma karibu 9.8. Chukua usomaji wa mwisho uzidishe kwa 0.00349, toa usomaji wa mwanzo uliozidishwa kwa 0.00086, jumlisha 1. Kwako: 5.5 inatoa 0.0192, toa 0.0084, unapata karibu 1.011. Ni makadirio, na hiyo 9.8 tumeipata kwa hesabu bila kuipima, kwa hiyo nisingeitegemea peke yake. Ila kama shahidi wa tatu, inakubaliana na wale wawili wa kwanza.

Kuhusu jirani: ana haki kusema kanuni ni ileile, na kipimo chake kimewaumbua wengi waliotia maji kwenye maziwa. Ila kimechorwa kwa ajili ya maziwa tu, ambayo mara nyingi huwa kati ya 1.026 na 1.032, na mistari yake kwa kawaida huanzia karibu 1.015 na kuishia karibu 1.040. Bia yako ilianza kwenye ukingo wake wa juu na imeishia nje ya ukingo wa chini. Kwenye 1.011 kitazama mpaka mistari yote iingie majini, usome nini? Mshukuru, mrudishie. Na kabla mtu mwingine hajakushauri ukaazime cha fundi betri, hicho nacho hakifai: kinaanzia karibu 1.100, na tena kimekaa kwenye asidi. Kisiguse kitu unachokwenda kunywa.

Tuje kwenye upimaji wenyewe, maana vipimo viwili vilivyobaki vinategemea mkono wako. Bia inayotoka kwenye ndoo imejaa gesi. Mapovu madogo yanaganda kwenye tumbo la haidromita na kuinyanyua, na pointi 2 au 3 za uongo zinapatikana hivyo bila jasho. Hizo huenda juu, zinakufanya udhani bia imekwama. Mimina sampuli kutoka glasi moja kwenda nyingine, kwa kimo, tena na tena, mpaka isitoe povu. Kisha ipoze ifike nyuzi 20 na uimimine kwenye silinda taratibu. Ingiza haidromita kavu na safi (mafuta ya vidole kwenye shingo yanaharibu usomaji kuliko watu wanavyodhani), ishike kwa ncha ya juu, izungushe kama pia ndogo na uiachie. Mzunguko unakung'uta mapovu yaliyobaki na kuizuia isigandie ukutani. Ikitulia, inama. Jicho liwe usawa wa maji, si juu yake. Utaona maji yamepanda kidogo kwenye kioo cha shingo na kufanya ukingo uliopinda. Usisome kwenye huo ukingo. Soma kwenye usawa wa maji yenyewe chini yake, isipokuwa kama karatasi ya kifaa chako inasema vinginevyo. Tofauti ya ukingo na usawa ni kama pointi 1 au 2.

Ukimaliza, sampuli usiirudishe kwenye ndoo. Imepigwa na hewa na imeguswa na vyombo vingi. Ionje. Bia iliyomaliza kazi haina utamu wa wazi mdomoni. Iliyokwama ina utamu unaokaa kwenye ulimi. Ulimi wako utajifunza haraka, na ni hazina. Haidromita iliingia kwenye viwanda vya bia vya Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitengeneza bia nzuri kwa ulimi na uzoefu, kama wanavyofanya kina mama wa mbege kule Kilimanjaro mpaka leo.

Ili uwe na amani na kifaa chenyewe, kipime kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni maji ya kunywa ya chupa yaliyopozwa hadi nyuzi 20: inapaswa kusoma 1.000. Ikisoma 1.002, karatasi imeteleza kidogo au haikubandikwa vizuri. Usiitupe, andika "toa 2" kwenye boksi lake na uendelee nayo. Usitumie maji ya kisima kwa jaribio hili, maana visima vingi vya Dar vina chumvi, na gramu 3 za chumvi kwa lita zinatosha kukuongezea pointi 2. Wala usinunue "maji ya betri" ukidhani ni maji yaliyosafishwa: dukani jina hilohilo wengine wanalitumia kwa asidi.

Cha pili ni maji ya sukari, na hapa ndipo watu wengi hawafiki. Haidromita inaweza kuwa sahihi kwenye 1.000 na ikakosea juu zaidi. Pima kwa mizani ya jikoni gramu 100 za sukari nyeupe, ongeza maji mpaka mizani isome gramu 1,000 kwa jumla, koroga iyeyuke yote, poza hadi 20. Hiyo ni asilimia 10 kwa uzito, na inapaswa kusoma 1.040. Kama shingo yako ina mistari mingine iliyoandikwa Balling au Plato, itasoma 10 kwenye huo mstari. Ndiyo maana yake, gramu za sukari kwenye kila gramu 100 za mchanganyiko. Karl Balling alitengeneza majedwali hayo Prague mwaka 1843, na Fritz Plato akayaboresha baadaye. Kama sehemu zote mbili zimekubali, acha kukituhumu kifaa.

Kwa nini nakusumbua na pointi moja mbili? Kwa sababu ya chupa. Pointi 1 iliyobaki bila kuliwa ni takriban gramu 2 za sukari kwa kila lita. Sukari tunayoongeza makusudi wakati wa kutia kwenye chupa, ili bia ipate gesi, ni kama gramu 6 kwa lita. Kwa lita zako 23 ni kama gramu 138. Maana yake ukikosea kwa pointi 3 tu, umeweka dozi mbili badala ya moja bila kujua. Chupa nene inaweza kuvumilia. Nyembamba inaweza isivumilie, na kioo kinachopasuka kwa shinikizo hakichagui kati ya ukuta na uso wa mtoto aliyepita.

Kwa hiyo kigezo cha kutia kwenye chupa si namba fulani iliyoandikwa kwenye boksi. Kigezo ni namba isiyosogea. Pima kesho, kisha pima tena baada ya siku tatu, sampuli zote mbili zikiwa zimetolewa gesi na kufikishwa nyuzi 20. Zikilingana, hamira imemaliza. Hata kama haidromita yako ina kosa la pointi mbili, kosa hilo litakuwepo pande zote na halitakudanganya kuhusu kusogea. Mimi ningependelea mtu mwenye kifaa chenye kasoro anayepima vilevile kila mara kuliko mwenye kifaa cha bei mbaya anayepima leo ya moto, kesho ya friji.

Natarajia utabaki palepale. Kutoka 39 hadi 11 hamira imekula karibu asilimia 72 ya pointi, na bia ya kimea kitupu isiyo na sukari ya dukani kwa kawaida huishia kati ya asilimia 70 na 80. Kilevi chake ni pointi zilizoshuka, 28, mara 0.131: kama asilimia 3.7. Ikishuka mpaka 1.009 usishtuke, ngoja tu isimame. Kwenye nyuzi 31 hamira inafanya kazi mbio, ila inatoa harufu kama ya ndizi mbivu au hata ya rangi ya kucha. Safari ijayo kalisha ndoo kwenye beseni la maji na uifunge kitambaa kilicholowa, itashuka nyuzi kadhaa.

Swali lako la sumu ni la maana, na jibu ni hapana: haidromita haiwezi kuonyesha methanoli, ile alkoholi yenye sumu. Alkoholi ya kawaida na methanoli zina uzito unaokaribia kufanana kabisa, kama 0.79 ya maji, kwa hiyo kioo hakitofautishi. Habari njema ni kwamba bia ya kimea iliyochachushwa kwa hamira na isiyokenekwa kama gongo, kama yako, haina methanoli ya kutisha. Misiba kama ule wa Kenya wa Mei 2014, uliochukua makumi ya watu, hutokana na methanoli ya viwandani kuchanganywa kwenye pombe. Hata hivyo ujue dalili, kwa ajili ya jirani na ndugu: mtu aliyekunywa pombe asiyoijua, kisha saa kadhaa baadaye au kesho yake anaona ukungu machoni, kichwa kinagonga, anatapika au anapumua kwa shida, hiyo si hangova ya kulala nayo. Apelekwe hospitali papo hapo na aseme alikunywa nini. Macho hupotea moja kwa moja watu wakisubiri.

Mengine ya kutomaliza peke yako ni machache. Haidromita ikivunjika ndani ya bia, mwaga yote; tumboni mwake kuna vipande vya chuma, mara nyingine risasi, na vioo visivyoonekana. Kama majaribio ya maji na sukari yamekataa na hujui ni mizani, kipimajoto au kioo kilichokosea, nenda kwenye maabara ya sekondari yoyote yenye mwalimu wa fizikia au kemia anayeipenda kazi yake. Dakika chache na haidromita yao zitamaliza ubishi. Siku ukifikiria kuuza, huo ni mlango mwingine: TBS (Shirika la Viwango Tanzania), leseni, na vipimo vilivyohakikiwa rasmi.

Ukifika kutia kwenye chupa, tumia chupa nene za kioo zisizo na ufa wala alama za kugongwa, na moja kati yao iwe ya plastiki, ya soda ya nusu lita. Ijaze bia ileile yenye sukari ileile, ibonye itoe hewa, ifunge. Ziweke zote kivulini ndani ya boksi lililofunikwa, na kila siku bonyeza ile ya plastiki. Ikiwa ngumu kama soda ambayo haijafunguliwa, peleka zote friji. Ikizidi hapo, ikavimba mpaka chini ikakosa kusimama, vaa miwani na nguo nene kabla ya kuligusa boksi, zipoze zote kwa baridi kwanza, kisha ndipo uzifungue moja moja kutoa gesi.